Gari la Vita Lililokwama Langoni

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kutengeneza magari ya michezo ya kompyuta lilikuwa kumfanya binadamu rula. Picha ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe. Palikuwa na gari la vita, na kando yake askari mmoja aliyevaa koti refu. Nikajiambia kwamba mtu mzima wa kawaida ana kimo kama changu, hivyo nikimpima huyu kwa penseli nitajua gari lina kimo gani. Nilijiona mwerevu sana. Werevu ule nusura unirudishe kupakia mizigo ghalani Landover, huku ughaibuni, na ndio maana nimeona niwaandikie.

Nyinyi mnaoniuliza kazi ile ilikuwaje, wengi wenu mnajifunza wenyewe kama nilivyojifunza mimi, bila mwalimu wala cheti. Kazi hiyo nimeshaiacha. Mimi ni mstaafu wa ajabu kidogo: sijafika miaka thelathini na sina mvi hata moja, lakini kifundo cha mkono wangu wa kulia kilichoka kushika kipanya kabla mimi mwenyewe sijachoka, na daktari akasema inatosha. Kwa hiyo msinisome kama mzee. Nisomeni kama kaka aliyetangulia kujikwaa, anayewaonyesha kisiki kilipo.

Niwaambie kwanza tabia yangu, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Mimi ni mtu wa kurudi kuangalia kama nimefunga mlango. Nikishaangalia, narudi tena, nisije nikawa niliufungua wakati naangalia. Tabia hii huwapendeza watu mwanzoni. Wanasema, "Kijana huyu yuko makini." Baada ya muda wanaanza kuuliza kazi iko wapi.

Wakati huo nilikuwa naishi Adelphi, kwa Mama Mdogo Tabitha, mdogo wake mama yangu. Nyumba yake ilikuwa moja ya zile za ghorofa karibu na University Boulevard, ambako ukipanda ngazi unapishana na harufu za vyakula vya mataifa manne. Mchana alihudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Jioni na Jumamosi alishona. Sebule yake ilikuwa nusu sebule, nusu karakana: cherehani dirishani, vitenge kwenye kochi, pini ndani ya zulia. Alishonea akina mama wa Kitanzania, Kikenya na Kikongo, na wote walikubaliana jambo moja tu duniani, kwamba Tabitha hakosei bega. Binti yake, Neema, alikuwa mwanafunzi wa chuo. Kiswahili anakisikia chote, hata kile cha kusengenyana, lakini majibu yake yote hutoka kwa Kiingereza.

Mimi nilipakia mizigo ghalani, na muda uliobaki nilichora vitu vya pande tatu kwenye kompyuta niliyoiunga kutoka kwenye mabaki ya kompyuta nyingine. Kisha nikakutana na Mutiso. Alikuwa Mkenya wa Machakos, mkuu wa wachongaji wa maumbo katika kampuni ndogo ya michezo ya kompyuta pale Columbia Heights, ghorofa ya pili juu ya duka. Tulikutana kwenye harusi ambayo Mama Mdogo alikuwa ameishonea nguo. Watu walikuwa wanacheza muziki. Mimi nimekaa kona na kompyuta magotini.

"Wewe Mbongo," akaniuliza, "hiyo ni nini unachora?"

"Bisibisi."

"Bisibisi? Kwa harusi?"

"Haijaisha."

Akainama kuitazama. Nilikuwa nimechora hadi mikwaruzo ya mpini. Akasema, "Maze, wewe ni mgonjwa. Kuja tuongee Jumatatu."

Jumatatu aliniambia masharti. Angenipa gari moja nilitengeneze. Likiingia kwenye mchezo kabla mchezo haujapelekwa kwa wale wanaousambaza, nitapata meza yangu na kazi ya kudumu. "Lisipoingia," akasema, "hakuna ubaya. Utarudi tu zako Landover." Yeye alisema hakuna ubaya. Mimi nilisikia ubaya mtupu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa vifaru vya Vita vya Pili vya Dunia. Vile vifaru maarufu kila kampuni ilikuwa navyo, kwa hiyo mwenye kampuni yetu alitaka kitu ambacho mwingine hana. Nikapewa gari la majaribio la Wasovieti, la kuwindia vifaru. Walichukua mwili wa kifaru kizito ambacho jeshi halikukitaka, wakaweka juu yake sanduku kubwa la chuma, na ndani ya sanduku wakachomeka mzinga wa meli ya kivita. Mzinga wa baharini, juu ya minyororo ya kutembelea ya kifaru, nchi kavu. Walitengeneza moja tu. Nilipoliona pichani nililihurumia. Lilikuwa kama mtu aliyekuja kwenye mahojiano ya kazi na suti ya marehemu baba yake.

Sasa niwape ufundi kidogo. Gari la kuwindia vifaru si kifaru. Kifaru kina kichwa kinachozunguka, na mzinga unazunguka nacho. Gari hili halina kichwa. Mzinga umetoka mbele ya sanduku na unacheza kidogo tu kushoto na kulia. Ukitaka kupiga pembeni, unageuza gari zima. Programu yetu ya mchezo haikujua habari hizo. Yenyewe ilijua kwamba kila chenye mzinga kina kichwa kinachozunguka. Ukikinyima kichwa, kinagoma kupiga. Nilikaa juma zima nikijaribu kuieleza programu ukweli. Mutiso akapita nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Unaibembeleza?"

"Haikubali gari lisilo na kichwa."

"Si uipatie kichwa? Weka kichwa kidogo ndani ya sanduku, kisionekane na mtu, halafu ukifunge kisizunguke sana. Programu itafurahi, na mchezaji hataona."

"Lakini si kweli."

"Eliya, hii ni mchezo. Kila kitu humu si kweli. Swali ni kama inadanganya vizuri."

Nikafanya hivyo. Kama mlilicheza gari lile, mlikuwa mnaendesha kifaru kilichomeza kichwa chake.

Jambo jingine la ufundi nililifundishwa sebuleni Adelphi. Ukimaliza kuchonga umbo la gari, linakuwa la kijivu, tupu, kama sanamu ya udongo. Lazima ulivishe ngozi, yaani picha bapa yenye rangi, kutu na matope, ambayo kompyuta inaizungushia juu ya umbo. Tatizo ni kwamba umbo ni la mviringo na lenye kona, na picha ni bapa. Lazima uchague pa kulipasua umbo ili lilale chini kama ngozi ya mbuzi juani. Mimi nilipasua ovyo. Mistari ya viungo ikaonekana katikati ya mzinga kama kovu.

Mama Mdogo alikuwa anakata gauni la msimamizi wa harusi. Akaichungulia skrini.

"Huo mshono umeuweka mbele kwa nini?"

"Nimeuweka palipokuwa rahisi."

"Rahisi kwako. Mshono unawekwa ambapo jicho haliendi, baba. Chini ya kwapa. Ubavuni. Hilo gari lako halina kwapa?"

Lilikuwa nalo. Chini ya mzinga, nyuma ya minyororo, kwenye tumbo. Nikahamishia viungo vyote huko. Akaniuliza tena kwa nini vipande vyangu vimegusana kwenye picha. Yeye hukata kitambaa akiacha pindo kila upande, kwa sababu sindano inahitaji mahali pa kushika. Nikaacha pindo la rangi kuzunguka kila kipande. Ule utepe mweupe uliokuwa unatokea kwenye kona ukatoweka. Mpaka leo, mtu akiniuliza nilisomea wapi kuvisha ngozi, namwambia nilisomea kwa fundi wa magauni.

Ribiti nilizifundishwa na shetani. Magari yale ya zamani yalikuwa na vichwa vya ribiti, ile misumari minene ya kuunganishia chuma, pembezoni mwa kila bamba, na mimi nilichonga kila kimoja kama umbo kamili. Miaka ile kompyuta za wachezaji hazikuwa na nguvu. Umbo lote hujengwa kwa pembetatu, na kila gari lilikuwa na kiasi chake cha pembetatu, kama abiria na kipimo cha mzigo kwenye ndege. Mimi nilikuwa nabana magurudumu ili nipate pembetatu za kulipia ribiti. Niliweza kukaa siku nzima kwenye kona moja ya sanduku. Nilikuwa na furaha huko. Ribiti haikuulizi swali.

Sasa turudi kwa askari wa pichani. Urefu na upana wa gari niliupata vitabuni. Vipimo vya magurudumu na minyororo navyo vilipatikana, kwa sababu kifaru kile cha asili kiliandikwa zaidi. Lakini kimo, kutoka ardhini hadi juu ya sanduku, kila kitabu kilisema lake. Ndipo nikamwita yule askari awe shahidi. Nikampa kimo changu, nikampima, nikalijenga sanduku kwa kumfuata yeye. Likawa refu. Niliridhika, kwa sababu gari la kutisha linafaa liwe refu, na kwa sababu shahidi wangu hakuwa na uwezo wa kunikanusha.

Kosa lile lingeweza kugunduliwa juma la kwanza. Pale kazini palikuwa na desturi ya Ijumaa. Baada ya chakula cha mchana kila mtu alitakiwa kuingiza kazi yake ndani ya mchezo jinsi ilivyo, iwe imekwisha au ni kipande tu, halafu wote tunacheza kuona kipi kinaanguka. Walikaribishwa hata watu wa nje, rafiki na ndugu, mradi wacheze na waseme kweli. Mutiso aliiita Ijumaa ya kuvua mashati. "Leo ni shati chini," alikuwa akitangaza, "kitambi hakifichwi."

Mimi sikuvua. Ijumaa ya kwanza nilisema taa ya mbele haijakaa vizuri. Ijumaa iliyofuata, minyororo. Ijumaa nyingine niliamka, nikavaa, nikapanda basi hadi kituo cha College Park, nikaingia treni ya mstari wa kijani, na ilipofika Columbia Heights milango ikafunguka nikabaki nimekaa. Nikaenda nayo hadi Branch Avenue, mwisho wa reli, chini kabisa. Nikakaa kwenye benchi. Nikapanda ya kurudi, nikapita tena Columbia Heights nimekaa vilevile, nikarudi nyumbani nikasema tumbo linauma.

Badala ya kuliingiza gari, nilikuwa natuma picha zake. Kwenye picha lilipendeza sana, watu wakasifu. Picha ni rafiki mzuri wa mtu muoga. Unachagua pembe, unachagua mwanga, na hakuna kitu kingine karibu cha kulinganisha. Kwenye picha zangu hapakuwa na nyumba, wala mti, wala lango.

Mutiso alivumilia, kisha akaacha kuvumilia. Zilibaki Ijumaa mbili kabla ya mchezo kuondoka. Alikuja mezani kwangu, meza ya kuazima iliyokuwa karibu na mashine ya kahawa, akaongea taratibu bila mzaha, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ijumaa hii gari inaingia. Hata kama ni tairi moja. Mkubwa ameniuliza kama huyo kijana yuko kweli, ama ni mimi nachora nikitumia jina lake."

Ijumaa ile likaingia. Neema alikuwepo, kwa sababu kipindi chake cha mchana kilifutwa na alikuwa amesikia kwamba kuna piza. Alikuwa mchezaji hodari kuliko sisi wote tuliolipwa kutengeneza michezo, kwa hiyo wakampa kiti. Mimi nilisimama nyuma yake, nimekunja mikono.

Sehemu kubwa ya mchezo ilikuwa mji mdogo wenye ukuta. Gari langu lilipaswa kutoka kambini, kupita lango la mawe lenye tao, na kukaa uwanjani kabla vifaru vya adui havijafika barabarani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake pekee. Neema akaliwasha. Likanguruma. Watu wakasema "aah," maana kwa kweli lilikuwa zuri. Akalielekeza langoni. Mzinga ukapita. Pua ikapita. Halafu likasimama.

Akakanyaga mafuta. Minyororo ikazunguka, vumbi likaruka, gari halisogei. Akarudi nyuma, akajaribu upande. Likagota tena. Juu ya skrini ilionekana wazi: paji la sanduku langu, na ribiti zake zote, limeegemea tao la lango kama mtu mrefu anayebisha hodi kwa kichwa. Adui wakafika barabarani. Wakalipiga kutoka nyuma, kwa starehe, mmoja baada ya mwingine.

Neema akageuka, akasema kwa Kiingereza, bila ubaya wowote, kwamba binamu yake amejenga nyumba.

"Hii ni gari ama ni ghorofa?" Mutiso akauliza. "Eliya, umeweka lifti?"

Wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa sauti iliyotoka mahali nisipopajua. Dada aliyechora ule mji alinihurumia. Akasema anaweza kuliinua lango.

"Usiinue," Mutiso akamwambia. "Vifaru vingine vyote vinapita hapo. Ukiinua lango utainua ukuta, ukiinua ukuta nyumba zote za mji zitaonekana za watoto." Kisha akanigeukia. "Uko na wiki moja, boss. Ijumaa ijayo lipite, ama tutoe mchezo bila hilo gari."

Bila gari, na bila mimi. Hakulisema hilo la pili.

Najua mnachowaza, nyinyi mnaojua programu hizi. Mnasema lipunguze lote kwa mbofyo mmoja. Magurudumu na minyororo vilikuwa na vipimo sahihi. Lililozidi lilikuwa sanduku tu. Na sanduku ukilikandamiza peke yake, ribiti zote zinakuwa mayai na ngozi inakunjamana. Kazi yangu yote nzuri niliiweka mahali palipokosewa. Nikiwa kwenye basi kurudi Adelphi nilihesabu watu ambao ningelazimika kuwaeleza.

Mmoja alikuwa ameshaelezwa. Neema alifika kabla yangu, na nilipoingia Mama Mdogo alikuwa kwenye cherehani, pini zimebanwa midomoni. Alizitoa.

"Nasikia umegonga lango la watu."

"Ndiyo, Mama Mdogo."

"Kula kwanza."

Nikala. Kisha akataka kuona nilikotoa vipimo. Nikampa ile picha. Aliisogeza kwenye taa ya cherehani, akaitazama muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuitazama, na gari hakulitazama hata kidogo.

"Koti si lake hili," akasema.

"Ni jeshini, Mama Mdogo. Wanagawiwa tu."

"Ndiyo nasema. Tazama mshono wa bega. Unatakiwa uwe hapa juu, kwenye mfupa. Huyu umeshuka mpaka hapa, unaelekea kwenye kiwiko. Mikono imemeza vidole. Kifungo cha kiunoni kiko chini ya kiuno. Hili koti limekatwa kwa mtu mrefu, na aliyemo ndani ni kafupi." Akanirudishia picha. "Wewe ulimpima nani, mtu au koti?"

Neema, kutoka jikoni, akanijibia kwa Kiingereza kwamba nilipima koti.

"Ngoja," Mama Mdogo akaendelea, "koti si kitu, hata mimi naweza kudanganywa na picha. Nisichokielewa ni kingine. Unaliona gauni lile pale mlangoni? La Mama Furaha. Lishike."

Nikalishika. Nusu ya mishono ilikuwa nyuzi ndefu nyeupe, legelege, ambazo ungeweza kuzichomoa kwa kidole.

"Hiyo inaitwa bandi. Nimelishikiza tu. Kesho anakuja analivaa likiwa bovu hivyohivyo, anasimama hapo kwenye kioo anajicheka. Likimbana, nafumua, dakika moja. Sasa wewe umeshona, umepiga pasi, umeweka vifungo, umeweka na maua, ndiyo unamwita mwenye nguo aje ajaribu?"

"Niliogopa wataliona bovu."

"Si bovu?" akasema. Akarudisha pini mdomoni, akaendelea kushona.

Jumatatu nilimweleza Mutiso habari ya koti. Alicheka mpaka akalazimika kukaa. "Ati koti! Sovieti nzima imekuangusha na koti!" Akajifuta macho. Kisha akafanya jambo ambalo nataka mlikumbuke kama hamtakumbuka lingine la kiufundi. Akasema watu hupishana kwa kimo, vitabu hupishana kwa tarakimu, lakini gari hili lina kitu kimoja ambacho hakuna mtu duniani anabishania: upana wa tundu la mzinga. Milimita mia moja na thelathini. Risasi zilishatengenezwa tayari za meli; mzinga usingezikubali kama ungekuwa na tundu jingine. Tukatafuta picha ya mbele iliyopigwa kutoka mbali, ili umbali kati ya mdomo wa mzinga na sanduku usitudanganye. Tukapima tundu. Kutoka hapo tukapima sanduku.

Lilikuwa fupi kuliko langu, kiasi cha kutosha kupita. Askari naye tukampima, kwa udadisi. Hakuwa mfupi kama Mama Mdogo alivyodai, alizidisha. Lakini hakuwa na kimo changu.

Kisha Mutiso akaniambia nisichonge chochote. "Weka sanduku tupu kwanza. La kijivu. Bila ribiti hata moja. Lipeleke langoni sasa hivi, mbele yangu."

Nikaweka pande sita, rangi ya kijivu, juu ya minyororo. Lilikuwa kama kitu kilichochorwa na mtoto. Nikalipeleka langoni. Likapita. Chai yake ilikuwa bado ina moto.

Siku zilizobaki nililijenga sanduku upya. Nilianza na mabamba makubwa, nikakata ngozi kwa viungo vya kwapani, nikaacha pindo. Ribiti za zamani nilizifuta zote. Muda wa kuchonga nyingine haukuwepo, na ilibidi nizichore tu kwenye ngozi, nukta nyeusi na nukta nyeupe kando yake, kama kivuli na mng'ao. Alhamisi jioni upande wa kulia ulikuwa umekamilika na wa kushoto ulikuwa na nukta tupu, bila mng'ao. Ndani ya kifuniko cha juu hapakuwa na kitu, weusi tu. Niliwaza kuomba siku mbili. Nilishaanza hata kuiandika sentensi. Nikaifuta, kwa sababu nilimwona akilini Mama Furaha kwenye kioo, na nyuzi nyeupe begani, anajicheka.

Ijumaa nililiingiza kama lilivyo. Niliwaambia kabla ya kuulizwa kwamba kushoto hakujaisha na juu ni pango. Neema alikuja tena, piza ilikuwa ileile, akapewa kiti. Safari hii sikusimama nyuma yake, nilikaa kando. Mikono niliiweka wazi mezani.

Mzinga ukapita chini ya tao. Pua ikapita. Paji la sanduku likapita, na juu yake ikabaki nafasi ya shibiri hivi. Likatokea upande wa pili, likafika uwanjani, likageuka zima-zima kama lilivyopaswa, na kile kichwa kilichofichwa tumboni kikafanya kazi yake ya siri. Adui wa kwanza akatokea barabarani. Neema akasubiri, akasubiri, akapiga. Mzinga wa meli. Adui hakubaki wa kuokotwa.

Hakuna aliyesema neno kuhusu upande wa kushoto. Mutiso alinipiga bega. "Shati limevuka," akasema, akaenda kumtania mtu mwingine. Jumatatu nilikuta kikaratasi chenye jina langu kwenye meza ya dirishani, mkabala na kreni zilizokuwa zinajenga maduka makubwa ng'ambo ya barabara. Landover nilipiga simu kuaga.

Mchezo ulipotoka nilisoma kila walichoandika wachezaji kuhusu gari langu. Nilishawaambia tabia yangu. Alilalamika mmoja. Alisema taa ya mbele iko upande usio wake. Alikuwa sahihi. Kuhusu ribiti hakuna aliyeuliza, wala zilizokuwepo wala zilizokosekana.

Siku hizi kompyuta zina nguvu, na wachongaji wanaweka kila ribiti bila kubana gurudumu lolote. Mutiso amerudi Nairobi. Kreni zimeondoka, maduka yamefunguliwa. Mama Mdogo bado anashona, ila sasa anavaa miwani na anasema vitambaa vya siku hizi vinachapishwa vibaya. Mimi, baada ya mkono kugoma, nimerudi Landover kulekule, safari hii nikiwa mpangaji wa rafu za ghala. Mlango bado narudi kuuangalia. Lakini kabla ya kufunga rafu hata moja, nabandika utepe sakafuni mahali itakapokaa, namwita dereva wa forklifti apite na mzigo wake watu wote wakitazama. Akikwama, nabandua.